Nyuzi 60 za Kulegeza

Beringi ya gurudumu la mbele haifi ghafla. Huanza kwa mguno mdogo gari linapofika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, na madereva wengi hudhani ni tairi lililolika upande mmoja au lami mbovu. Wiki zikipita, mguno unakuwa mvumo. Ukikata kona ya kulia unazidi, ukikata ya kushoto unatulia. Hapo gari limekwisha kujieleza. Linapopinda kulia, uzito hulalia upande wa kushoto, na kama kelele inapanda wakati huo, beringi ya kushoto ndiyo inayoumia.

Ami yangu alinifundisha kusikiliza hivyo kabla hajaniruhusu kushika spana. Alikuwa na gereji Shimanzi, Mombasa, karibu na njia ya malori yaendayo bandarini, mahali ambapo kusikia jambo lolote kunahitaji nia. Mteja akileta gari linaloguna, ami hakuanza kulifungua. Alikaa kiti cha abiria, akamwomba mwenyewe aendeshe, naye akafumba macho. Waliporudi alikuwa anajua jeki iwekwe wapi.

Riziki yetu ilitoka kwenye magari ya kila siku: Peugeot 504, Corolla, pikapu za Datsun. Lakini gari lililonifunza beringi ya mbele mwanzo hadi mwisho ni Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Nissan walilizindua mwishoni mwa 1969, na halikukawia kuzoeleka Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari, na nafasi ya pili wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 ukawa wa Mehta mwenyewe, safari hii akiwa na Lofty Drews. Alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, na mshindi akaamuliwa kwa kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Baadaye akaja kushinda Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Ami alikuwa kijana zama hizo, na kila Pasaka alisimama kando ya njia na wenzake kuyangoja magari yapite. Aliyazungumzia kwa heshima hadi uzeeni. Heshima ile haikuwa kwa madereva peke yao. Gazeti huandika jina la aliyeshika usukani, alikuwa akisema, lakini gari lililovuka matope, mito na mawe kwa maelfu ya kilomita lilifika kwa sababu kuna mtu alipakia grisi usiku kwa mikono yake, na huyo hakuna anayemwandika. Nimekuwa nikimkumbuka mtu huyo kila ninapofungua habu, kitovu cha gurudumu ambamo beringi hukaa.

240Z iliyokuja kwetu ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa Nyali. Aliinunua ikiwa imetumika, akaitunza miaka mingi, kisha maradhi yakamweka ndani na gari likakaa chini ya turubai, upepo wa bahari ukilipiga. Alipopata nafuu alilipeleka gereji nyingine. Waliliinua, wakaona gurudumu la mbele kushoto linacheza, wakakaza nati, wakamrudishia. Mchezo ukaisha. Haukupita muda mguno ukaanza, na katikati ya gurudumu pakawa pa moto kiasi cha kutoshikika. Ndipo akatujia.

"Fundi, shikamoo," nilimsikia ami akisalimiwa na kijana aliyeliendesha gari. Ami akaitikia, akamkaribisha mzee kiti, akamuuliza hali yake kwanza na ya gari baadaye. Miaka ile alikuwa haingii tena chini ya magari. Aliketi karibu na mlango, akaniambia, "Mwanangu, usifungue kitu. Tikisa kwanza."

Kutikisa kuna utaratibu wake. Gari huwekwa juu ya stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na uhai wa mtu, na magurudumu ya nyuma hutiwa kabari. Unashika tairi juu na chini, mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta. Likicheza, bado hujajua neno, kwa kuwa bolijointi ya chini ikichakaa nayo huleta mchezo kama huo. Unamwita mwenzako akanyage breki. Breki ikishika, diski na kalipa inayoibana vinakuwa kitu kimoja na habu haiwezi tena kuyumba juu ya ekseli. Mchezo ukitoweka, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, tafuta kwingine. Kisha kuna jambo ambalo ami alilipenda kuliko yote: unaweka vidole juu ya koili ya springi ya mbele na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Chuma cha springi hupokea mtetemo na kuuleta juu. Beringi iliyochubuka unaihisi vidoleni hata pale sikio halisikii kitu kwa sababu ya malori.

Gurudumu la mzee halikucheza hata kidogo. Lakini pia halikuzunguka kwa raha. Nilipolisukuma lilikwenda sehemu ya duara, likakwama kama linalofikiri, likaendelea. Springi ilitetemeka chini ya vidole vyangu. Nikamwambia ami kwamba halichezi. Akajibu, "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Kazi ya kufungua yenyewe si ngumu, na sitaikalia sana. Gurudumu likitoka, bolti mbili zinazoshika kalipa zinafunguliwa, na kalipa inafungwa kwa waya kwenye springi. Haiachwi ining'inie kwa mpira wake wa breki, kwa kuwa mpira ule ukivutika huchanika ndani mahali usipopaona, na siku ya kukanyaga breki ndiyo siku ya kujua. Vumbi la breki la gari la umri ule halipulizwi kwa upepo. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni likakaa. Tunalilowesha, tunalifuta kwa kitambaa, kitambaa kinatupwa. Nimewaona vijana wa gereji wakilipuliza kwa kompresa huku wanacheka, na hilo hunikasirisha hadi leo.

Kikofia cha grisi kinagongwa taratibu kwa kuzunguka mpaka kichomoke. Spliti pini inanyooshwa na kuvutwa, kofia ya meno inaondolewa, nati inafunguka, washa yenye ulimi inatoka, na habu nzima pamoja na diski yake inakuja mikononi. Hapo kidole gumba kiwe tayari mbele, kwa kuwa beringi ya nje hutoka yenyewe na sakafu ya gereji haina huruma. Ile ya ndani inabaki nyuma ya sili. Sili inang'olewa na kutupwa. Anayeitoa sili nzima akairudisha ameokoa pesa ndogo ili aje apoteze kubwa.

Sasa ni utulivu. Sehemu hii mafundi wengi huikimbia, nami naiona ndiyo kiini cha kazi. Beringi ya zamani ikishatoka, wengi huitupa kwenye debe la vyuma na kufungua sanduku jipya. Ami hakuruhusu. Kila kipande kilioshwa kwa mafuta ya taa, kikakaushwa kwa kitambaa, kikapangwa juu ya gazeti kwa mpangilio uleule kilivyokaa garini: ya ndani upande wa ndani, ya nje upande wa nje, kila kikombe, yaani pete ya nje ya beringi, karibu na rola zake. Kukausha kwa kuizungusha beringi kwa upepo wa kompresa alikukataza kabisa. Beringi kavu ikizungushwa kwa kasi ile inaweza kupasuka na kurusha vyuma usoni. Kisha tuliketi, tukazisoma.

Kikombe cha ndani kilikuwa na alama nyeusi, zimepishana kwa umbali mmoja, nusu ya chini tu. Umbali huo ulilingana na umbali wa rola kwa rola. Gari liliposimama chini ya turubai, unyevu wa chumvi uliingia kwenye grisi iliyokwisha kukauka na kuwa rangi ya kahawa, ukatulia pale kila rola ilipokigusa kikombe, ukala chuma. Nusu ya juu haikubeba uzito, kwa hiyo ilibaki safi. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza, wa miaka, na ndio uliosababisha mchezo ule wa mwanzo. Juu yake palikuwa na wa pili: rola zilikuwa zimepata rangi ya samawati na hudhurungi, rangi ambayo chuma huivaa kikipata joto kupita kiasi. Hiyo haikutoka baharini. Hiyo ilitokana na nati iliyokazwa ili mchezo usionekane.

Ami alivishika vipande vile kwa muda mrefu, kisha akamwita mwenye gari akavione. Alimweleza bila kuitaja gereji ile kwa ubaya. Alisema tu kwamba gari lilikuwa likimlalamikia, na mtu akalifunga mdomo. Nimeikumbuka siku ile mara nyingi kuliko ninavyokumbuka malipo yake. Kazi zetu nyingi, na si za gereji tu, hupimwa kwa kunyamaza: mtoto halii tena, mfanyakazi halalamiki tena, gurudumu halichezi tena, basi tunaona tumetibu. Beringi ile ilinyamaza kwa siku chache, na katika siku hizo ndipo ilipoharibika zaidi kuliko miaka yote ya turubai.

Anayeishika beringi ya namna hii mara ya kwanza huuliza kwa nini rola zake zimekatwa mshazari, nyembamba upande mmoja, nene upande wa pili. Sababu ni kona. Gurudumu linabeba uzito kutoka juu, na gari linapopinda linasukumwa pia kwa ubavu. Rola iliyonyooka hubeba uzito wa juu vizuri lakini msukumo wa ubavu huishinda. Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyetengeneza magari ya farasi St. Louis, Marekani, alilipata jibu akiwa na jamaa yake, Reginald Heinzelman, na mwaka 1898 wakapewa hataza ya beringi ya rola za mshazari. Rola ya namna hiyo hubeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Ina sharti moja tu: kwa kuwa imekaa mshazari, mzigo huisukuma itoke kwenye kikombe chake. Kwa hiyo haikai peke yake. Huwekwa mbili, zikipeana migongo au zikitazamana, kila moja ikiizuia mwenzake, na nati iliyo mwisho wa ekseli ndiyo inayoamua zisogeleane kiasi gani. Nati moja, maisha ya beringi mbili.

Beringi mpya hatukuzitafuta kwa jina la gari. Ukitaja Datsun ya 1971 dukani, muuzaji hutikisa kichwa. Tulisoma namba zilizochongwa ubavuni mwa beringi kuukuu, kwa sababu namba ya beringi ni lugha ya dunia nzima. Ileile inaweza kukaa kwenye pikapu, trela au mashine ya shamba, na mwenye duka anaijua. Zilikuja kwa basi kutoka Nairobi, kutoka Barabara ya Kirinyaga, kila rola na kikombe chake vya mtengenezaji mmoja. Rola mpya ndani ya kikombe cha zamani haifai, hata kama kikombe kinaonekana kizuri. Vimezaliwa pamoja, vichakae pamoja. Na tulizikagua, maana sokoni zimo za bandia. Tulitazama namba ikiwa imechongwa safi, tukalinganisha uzito, tukazungusha taratibu sikioni.

Vikombe vya zamani hutolewa kwa kugongwa kutoka upande wa pili. Ndani ya habu kuna mikato ambamo panchi ya shaba hupata pa kukanyaga ukingo wa kikombe. Unagonga hapa, unavuka upande wa pili, unarudi, kidogo kidogo, ili kikombe kisiende upande na kukwaruza nyumba yake. Kikombe kikitoka, nyumba inachunguzwa. Ikiwa inang'aa kwa kusuguliwa, kikombe kilikuwa kikizunguka ndani yake, na habu hiyo ni ya kubadilishwa. Kuna wanaoichoma habu vidonda kwa panchi yenye ncha ili kikombe kipya kishike. Kinashika kwa muda, juu ya ncha chache za chuma, kisha kinalegea barabarani. Habu ya mzee ilikuwa nzima.

Kuingiza kipya ndiko kulikonifunza zaidi. Tuliweka vikombe kwenye friji usiku kucha, na habu tukaiacha juani mpaka ikapata joto, kwa kuwa chuma baridi hunywea na chuma moto hutanuka, na hata tofauti ndogo hupunguza ugomvi. Kikombe kikawekwa mdomoni mwa nyumba yake, juu yake kikombe kuukuu kilichosagwa ubavu ili kisikwame, nami nikaanza kugonga kwa nyundo. Ami alikuwa kwenye kiti chake, mgongo amenipa, akizungumza na mwenye gari habari za Safari za zamani. Kila nilipotua nyundo kusikiliza, alisema bila kugeuka, "Bado." Nikaendelea. "Bado." Sauti ilikuwa nzito, ya chuma kinachosogea. Kisha pigo moja likatoa sauti nyingine, kavu, ya juu, iliyopenya hadi kwenye kifundo cha mkono. "Basi," akasema ami, akaendelea na hadithi yake.

Kikombe kilikuwa kimefika chini. Nilihakikisha kwa kupitisha bati jembamba la filagegi pembezoni, nalo halikupata pa kuingia. Kama kingebaki juu kwa unene wa unywele, kingeshuka chenyewe baada ya safari chache, na vipimo vyote vya nati vingekuwa vya uongo. Tangu siku ile sijawahi kuingiza kikombe nikiwa na redio wazi.

Grisi hutiwa kwa kiganja. Unaweka fungu katika kiganja cha kushoto, unashika beringi kwa mkono wa kulia, upande mnene ukielekea chini, unaikandamiza ukingoni mwa fungu mpaka grisi itokeze juu, katikati ya rola. Unazungusha, unarudia, duara nzima. Kupaka nje tu ni kuipamba. Grisi iwe ya kuhimili joto, ya magurudumu yenye breki za diski, na isichanganywe na ya zamani ya aina nyingine, kwa kuwa baadhi ya grisi zikikutana hulainika na kumwagika. Ndani ya habu huachwa nafasi. Wengi huijaza mpaka mdomo, wakidhani wingi ni ulinzi. Grisi ikijaa haina pa kwenda inapopata moto, hutafuta sili, ikipita sili hufika kwenye diski, na gari hupoteza breki za upande mmoja. Sili mpya inaingia ikiwa sawa, mdomo wake ukielekea ndani kwenye beringi, nao unapakwa grisi kidogo ili usianze kazi ukiwa mkavu.

Kisha habu ikarudi kwenye ekseli, beringi ya nje ikaingia, washa, nati. Mzee alisimama karibu kutazama.

Kitabu cha Nissan kinataka nati ya 240Z ikazwe kwa kilogramu-mita 2.5 hadi 3, yaani nyutoni-mita 25 hadi 29. Nilikaza kwa spana ya kupimia, nikaizungusha habu mara nyingi mbele na nyuma ili rola zilale mahali pake, nikakaza tena kwa kipimo kilekile. Rola zikishajipanga nati hupata nafasi ya kuingia zaidi kidogo, na asiyezungusha hupimia rola zilizokaa kombo. Baada ya hapo kitabu kinasema nati irudishwe nyuzi 60. Nati ina pembe sita, kwa hiyo nyuzi 60 ni upande mmoja wake. Nikairudisha.

"Mwanangu, mbona unalegeza?" mzee akauliza. Wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Gari hilo lilikwisha kumwaibisha kwa gurudumu lililolegea.

Ami ndiye aliyejibu. Alimwambia kwamba chuma hiki kitapata moto. Diski ya breki imefungwa kwenye habu hiyohiyo, na mtu akiteremka mlima akikanyaga breki, joto lote linaingia humo. Vyuma vinatanuka, na nafasi iliyokuwepo vikiwa baridi inajaa. Ukiwa umeimaliza nafasi hiyo hapa kivulini, huko mlimani hakuna iliyobaki. Rola zitabanwa, grisi itasukumwa itoke katikati ya chuma na chuma, na vyuma vitagusana. "Kukaza anajua kila mtu," akasema. "Anayekaza kwa hofu hajui aachie wapi."

Nikavisha kofia ya meno, nikatafuta tundu la spliti pini. Halikulingana kamili, nami nikairudisha nati kidogo mpaka likapatikana. Ilizunguka kwa wepesi, bila kukwaruza, na nilipoivuta na kuisukuma sikuhisi mchezo. Spliti pini ikawa mpya. Ya zamani ikishakunjwa na kunyooshwa imevunjika moyo, nayo ndiyo inayozuia gurudumu lisimwache mwenye gari.

Nimefunga pia magari ya Kiingereza, na yana fikra nyingine. MGB, iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, ina bomba fupi katikati ya beringi mbili na washa nyembamba za kupimia. Nati inakazwa kwa nguvu hasa, na nafasi inatokana na idadi na unene wa washa zile: milimita 0.05 hadi 0.1, ukipima kwa saa ya kupimia. Fundi asiyejua huzitoa akidhani ni uchafu wa kiwandani, akafunga kama anavyofunga gari jingine. Njia ile ina ubora wake. Ikishapimwa mara moja, mkono wa pili hauwezi kuiharibu kwa kukaza, na bomba lile huisaidia ekseli kukaza mwili. Lakini ningekuwa na kijana wa kufundisha, ningempa Datsun kwanza. MGB humfundisha kupima. Datsun humfundisha kupima, kisha kuhisi, kisha kukubali kwamba kinachofaa ni kidogo kuliko anachoweza.

Kalipa ilirudi, bolti zake zikakazwa. Kabla gari halijasogea, nilikaa ndani nikakanyaga breki mara kadhaa. Pistoni zilikuwa zimesukumwa nyuma tulipofungua, na kanyagio la kwanza lilizama bila kushika kitu. Magari yameshawahi kupita ukutani kwa sababu ya kanyagio hilo moja. Beringi iliyolegea sana nayo hufanya vilevile barabarani: diski hutikisika, huzisukuma pedi nyuma, na dereva anapoihitaji breki mguu wake huzama. Wengi huja gereji wakilalamikia breki, kumbe mgonjwa ni beringi.

Tulifungua upande wa kulia pia. Haukuwa na moto, lakini ulikuwa na alama zilezile za chumvi, zikianza. Mzee alipoendesha kuvuka daraja la Nyali na kurudi, aliteremka akaweka kiganja chake katikati ya gurudumu kabla hatujamwambia. Palikuwa na uvuguvugu tu, kulia na kushoto sawasawa. Hakusema neno kwa muda. Kisha akaenda kumpa mkono ami.

Ami amekwisha tangulia mbele ya haki, na gereji imo mikononi mwangu. Magari yanayoingia siku hizi mengi yana habu zilizofungwa kiwandani, beringi na sili na grisi ndani ya kipande kimoja. Ikiharibika unafungua bolti, unatupa, unafunga nyingine, na nati unaikaza kwa nguvu zote kitabu kinavyotaka. Ni kazi nzuri, inaokoa muda, na gari linakwenda mbali. Ila mafundi waliolelewa na habu hizo pekee wakipewa 240Z, Peugeot kuukuu au trela la kijijini, huikaza nati yake vilevile, kwa nia safi. Magari ya zamani yanayoangamizwa hivyo ni mengi kuliko yanayoangamizwa na kutu.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari haya: msingoje mguno. Gari lililosimama muda mrefu lifunguliwe habu, beringi zioshwe, zitiwe grisi mpya kabla ya safari ya kwanza, na mwenyewe akae aone. Nanyi mafundi wenzangu wa umri wangu, mkipata habu ya namna hii, msiifunge peke yenu. Mwiteni kijana, mpeni nyundo asikilize kikombe kinapofika chini, kisha mwacheni airudishe nati kwa mkono wake mwenyewe.